Maji kwanza, stima baadaye: Namna ya kuwasha hita, friji na kiyoyozi kipya bila kuhatarisha familia

KATIKA nyumba nyingi za mijini, siku friji mpya inapoletwa huwa ni sikukuu ndogo. Watoto hukimbia mlangoni, majirani huchungulia, na kabla katoni haijatolewa nje, tayari kuna mtu ameshika plagi akitafuta soketi. Vivyo hivyo fundi anapomaliza kufunga hita ya kuogea. Kila mmoja hutaka awe wa kwanza kuonja maji moto, hasa ikiwa ni Nairobi na baridi ya Julai imepamba moto.

Lakini hiyo dakika ya kwanza ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi katika maisha ya kifaa chochote cha kupasha joto au kupoza. Hita inaweza kuungua kabla haijatoa hata karai moja la maji. Friji inaweza kujiharibu pampu kabla haijagandisha hata kipande kimoja cha barafu. Na mwenye duka akigundua kwamba ulikiwasha kifaa kinyume cha maagizo, usishangae akikuambia kwamba waranti haikuhusu.

Hasara ya pesa, hata hivyo, ni jambo dogo. Stima ikikutana na maji bafuni, au gesi yenye sumu ikijaa chumbani, kinachopotea hakinunuliki dukani.

Jambo la kutia moyo ni kwamba kanuni zenyewe si nyingi wala si ngumu. Kwa chombo kinachopasha maji joto, kanuni ni maji kwanza, stima baadaye. Kwa chombo kinachopoza, kanuni ni subira kwanza, stima baadaye. Mengine yote tutakayoyaeleza hapa ni matawi ya hayo mawili.

Soma kibandiko kwanza

Kabla hujagusa swichi, tafuta kibandiko kilichobandikwa nyuma au ubavuni mwa kifaa. Humo utaona namba za volti, hezi na wati. Stima ya nyumbani hapa Kenya ni ya volti 240 na hezi 50. Kifaa kilichoandikwa volti 220 hadi 240 na hezi 50 kitafanya kazi vizuri.

Tahadhari inahitajika kwa vifaa vilivyoletwa na jamaa kutoka ng'ambo. Nchini Marekani, stima ya nyumbani ni ya volti 120 na hezi 60. Japani ni volti 100. Friji iliyotengenezewa nyumba ya Marekani ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya Buruburu au Nyali, itapewa volti maradufu ya inavyostahimili. Haitachukua muda kabla hujanusa harufu ya kuungua. Hata ukitumia mashine ya kupunguza volti, hezi zitabaki zile zile 50, na mota iliyoundwa kwa hezi 60 huenda ikapata joto kupita kiasi. Aliyekuletea zawadi hiyo alikuwa na nia njema, lakini nia njema haibadilishi volti.

Tazama pia wati, kwani ndizo zitakazokueleza kama kifaa hicho kinafaa kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida. Wanafunzi watakumbuka somo la fizikia: ukigawanya wati kwa volti unapata ampea. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13, yaani haiwezi kubeba zaidi ya wati 3,120 hivi. Friji ya nyumbani iko chini sana ya kiwango hicho. Hita ya kuogea ya wati 5,500 je? Gawanya kwa 240 na utapata ampea 23. Kwa hivyo hita hiyo haipaswi kamwe kuunganishwa kwenye plagi au waya wa soketi, hata kwa siku moja tu ya majaribio.

Na aliyeifunga awe nani? Sheria ya Kawi ya 2019 inataka kazi ya kuunganisha nyaya za stima ifanywe na mtu mwenye leseni, na leseni hizo hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Usione haya kumwomba fundi akuonyeshe yake. Fundi halisi hatakasirika. Anayekasirika ndiye wa kutiliwa shaka. Wahenga walinena kuwa rahisi huvunja upishi, na fundi wa bei ya kutupa anaweza kuvunja zaidi ya upishi.

Hita ya kuogea

Hita ndogo inayofungwa juu ya mahali pa kuogea sasa ni ya kawaida katika mitaa mingi. Aina nyingi zilitoka Brazil, nchi ambako zimetumika kwa miaka mingi. Ndani yake mna koili ya waya. Maji yanapopita, stima huwaka kwenye koili hiyo nayo huyapasha maji joto papo hapo.

Yafaa ieleweke kwamba maji hayo ndiyo yanayoiokoa koili isiungue. Yanapopita huondoka na joto lake. Koili ikipata stima ilhali imezungukwa na hewa tupu, joto halina pa kwenda, na waya hukatika katika muda mfupi mno. Ndiyo maana hita nyingi huharibika siku ile ile zilipofungwa. Fundi hukaza skrubu ya mwisho, huwasha swichi ili aonyeshe kwamba kazi imekwisha, kisha ndipo hufungua mfereji. Amegeuza mambo kichwa chini miguu juu.

Utaratibu unaofaa ni huu. Swichi kuu ya hita iwe imezimwa. Kidude cha kuchagulia joto kiwekwe kwenye baridi. Fungua maji na uyaache yatiririke kwa dakika nzima au zaidi, mpaka mapovu na miruko ya hewa iishe na maji yateremke kwa utulivu. Funga mfereji. Sasa ondoka chini ya hita, ukaushe mikono, uchague kiwango cha chini cha joto na uwashe swichi. Fungua maji tena na usubiri. Yakishapata uvuguvugu, hita yako imezaliwa salama.

Kwa wakazi wa miji yetu, somo hili halimalizikii siku ya kwanza. Mifereji ikikauka kwa siku mbili tatu kwa sababu ya mgao wa maji, mabomba hujaa hewa tena. Maji yanaporudi hita yako ni kama mpya, na utaratibu ni ule ule. Familia yenye busara huzima swichi ya hita mara tu maji yanapopotea, na haiiwashi tena mpaka hewa yote itoke.

Waya wa kijani na manjano

Mbali na maji, kuna waya mmoja ambao ndio mlinzi wa anayeoga. Huo ni waya wa ardhini, wenye rangi ya kijani na manjano. Katika hita nyingi za aina hii koili hugusana na maji moja kwa moja. Kazi ya waya wa ardhini ni kuipeleka chini stima yoyote inayovuja, badala ya stima hiyo kupitia kwa mtu aliyesimama kwenye sakafu yenye maji. Wapo mafundi wanaoukata au kuukunja waya huo na kuufunga kwa utepe, wakisema kwamba hita inafanya kazi hata bila wenyewe. Ni kweli inafanya kazi. Hata gari lisilo na breki hutembea.

Mama wa nyumba anaweza kuuliza bila kuwa mtaalamu:

"Fundi, waya wa ardhini umeufunga wapi?"

"Mama, hii haina shida. Inawaka vizuri."

"Najua inawaka. Nimekuuliza waya wa kijani na manjano umefika wapi."

Jibu linalokubalika ni moja tu: kwamba umeunganishwa kwenye mfumo wa ardhini wa nyumba, na kwamba mfumo huo umepimwa kwa chombo. Kuufunga kwenye bomba la maji si jibu, hasa siku hizi ambapo mabomba mengi ni ya plastiki.

Isitoshe, hita hiyo inastahili waya wake yenyewe kutoka kwenye sanduku kuu la swichi. Taa za nyumbani kwa kawaida hutumia waya wa milimita 1.5 za mraba, na soketi waya wa 2.5. Hita ya wati 5,500 huhitaji waya mnene zaidi, wa milimita 4 au 6 za mraba kulingana na umbali na maagizo ya mtengenezaji, pamoja na breka yake pekee. Swichi ya kuiwashia iwe nje ya bafu au iwe ya kuvutwa kwa kamba.

Mlinzi wa pili ni swichi maalum ya kugundua stima inayovuja. Aina inayowekwa majumbani hukata stima pindi uvujaji unapofikia miliampea 30, yaani sehemu 3 za ampea zilizogawanywa kwa 100. Linganisha na ampea 23 zinazotumiwa na hita. Breka ya kawaida haiwezi kuona uvujaji mdogo kiasi hicho, ilhali kwa mwili uliolowa maji kiasi hicho si kidogo hata kidogo. Swichi hii huwa na kitufe cha majaribio. Kibonyeze siku ya kwanza mbele ya fundi. Stima ikikatika, mlinzi yu macho. Isipokatika, amelala, na hita isiwashwe.

Na ikiwa wakati wowote mtu wa nyumba yako atasema kwamba alihisi kitetemeshi alipogusa mfereji au maji, usimcheke wala usimwambie avae kandambili. Hilo ni onyo. Zima swichi kuu na umwite fundi siku hiyo hiyo.

Wanaotumia maji ya kisima, hasa Pwani na sehemu nyingine zenye maji ya chumvi, wanapaswa kununua hita iliyoundwa kwa maji hayo. Maji ya chumvi hupitisha stima kwa urahisi zaidi, tena huila koili.

Tangi la maji moto na sola

Kwa wenye tangi la kupashia maji kwa stima, kanuni haibadiliki. Fungua mfereji wa maji moto jikoni au bafuni, kisha uache tangi lijae. Mwanzoni mfereji utatoa hewa, halafu utakohoa, halafu utatoa maji mfululizo. Hapo tu ndipo unaweza kujua kwamba tangi limejaa na koili imefunikwa. Kuwasha stima kabla ya hapo ni kuchoma sufuria tupu jikoni.

Tangi hilo huwa na vali ya usalama ya kupunguza shinikizo. Maji yakipata joto hupanuka, na vali hiyo ndiyo pumzi yake. Hakikisha bomba linalotoka kwenye vali liko wazi na limeelekezwa mahali pasipoweza kumuunguza mtu. Kamwe usiruhusu izibwe kwa sababu inadondoka. Tangi lililofungwa kila upande likachemka ni sawa na bomu juu ya dari.

Sola nayo ina siri yake. Paneli za mirija ya kioo zikianikwa juani bila maji hupata joto jingi sana. Ukizitia maji baridi saa saba mchana, mirija inaweza kupasuka kama bilauri ya moto iliyomiminiwa maji ya barafu. Jaza maji alfajiri kabla jua halijapanda, au jioni mirija ikiwa imepoa. Kama fundi amemaliza kazi mchana, mwambie afunike paneli au asubiri.

Siku ya kwanza ya jua kali, maji ya sola huwashangaza wengi kwa ukali wake. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache tu, na ya mtoto kwa haraka zaidi. Wafundishe watoto wafungue maji baridi kwanza kisha wachanganye na moto, wala wasianze na ya moto.

Hita ya gesi isiingie bafuni

Baadhi ya familia zimechagua hita ya gesi ili kupunguza gharama ya stima. Hii hupasha maji kwa moto wa kweli, na moto hula hewa. Unapokosa hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu huivuta bila kujua. Kichwa huuma, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, kisha huzirai. Ni gesi ile ile inayowaua watu wanaolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa.

Kwa hivyo hita ya gesi ifungwe nje au mahali penye hewa tele, na iwe na bomba la kutolea moshi kama mtengenezaji alivyoagiza. Kamwe isifungwe ndani ya bafu. Kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha mpira na regyuleta. Povu likivimba, gesi inavuja. Usijaribu kutafuta uvujaji kwa kiberiti. Kumbuka kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kujaa kwenye pembe za sakafu. Ukinusa harufu yake, usiguse swichi yoyote ya stima. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, kisha toka nje.

Friji inahitaji usingizi

Sasa tugeukie upande wa baridi, ambako adui mkuu ni haraka.

Chini ya friji kuna pampu inayoitwa kompresa. Ndani yake mna mota na mafuta ya kuilainisha. Friji ikisafirishwa imelazwa kwenye gari la mizigo, mafuta hayo huhama na kuingia kwenye mabomba membamba yanayopaswa kupitisha gesi pekee. Ukiiwasha papo hapo mambo mawili hutokea. Kompresa huzunguka bila mafuta ya kutosha, na tena hulazimika kusukuma mafuta badala ya gesi. Gesi hushindiliwa, mafuta hayashindiliki. Vali za pampu zinaweza kuvunjika.

Dawa yake ni kuisimamisha wima na kuiacha. Kama ilisafirishwa imesimama, saa chache zinatosha kwa kawaida. Kijitabu chake kitakueleza ngapi. Kama ililazwa, ni salama zaidi kuiacha kwa saa 24. Ndiyo, siku nzima! Najua watoto watalalamika na soda itabaki vuguvugu. Lakini afadhali kungoja siku moja kuliko kununua kompresa.

Tumia muda huo vizuri. Pangusa ndani kwa maji vuguvugu yenye magadi kidogo ili kuondoa harufu ya plastiki, kisha kausha. Iweke mbali na jiko na jua, na uache nafasi nyuma na ubavuni, kwa kuwa joto linalotolewa ndani lazima lipate pa kutokea. Sawazisha miguu isitikisike. Ichomeke kwenye soketi ya ukutani, si kwenye waya wa kuongezea unaotumiwa pia na pasi na birika.

Ukishaiwasha, iache tupu kwa saa kadhaa ipate baridi kabla ya kupakia chakula. Kuijaza nyama na sufuria za mboga mara moja ni kama kumtwika mtoto wa darasa la kwanza gunia. Kiwango kinachofaa ni nyuzi 4 hivi kwenye sehemu ya kawaida na nyuzi 18 chini ya sufuri kwenye sehemu ya kugandishia. Kipimajoto kidogo ndani ya glasi ya maji kitakuonyesha ukweli kesho yake asubuhi. Ukigusa mbavu za friji ukakuta zina joto, usiogope. Katika friji nyingi za kisasa, mabomba ya kutolea joto yamefichwa humo.

Stima ikipotea na kurudi ghafla, usiiache friji iwake papo hapo. Gesi ndani ya mabomba huhitaji dakika tatu hadi tano ili shinikizo lisawazike pande zote. Kompresa ikilazimishwa kuanza kabla ya hapo hukwama na kuvuta stima nyingi mno. Kile kifaa cha kulinda friji kinachouzwa madukani kina kazi hiyo: huzuia volti za juu na za chini, na huihesabia friji dakika kadhaa kabla ya kuiruhusu iwake.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wetu hawakulijua. Friji za zamani zilitumia gesi zilizoharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal uliotiwa saini mwaka wa 1987 ulianzisha safari ya kuziondoa, na nchi zinazoendelea ziliacha zile za aina ya CFC ifikapo 2010. Friji nyingi mpya hutumia gesi iitwayo R600a. Haidhuru ozoni, lakini inaweza kushika moto. Iko kiasi kidogo tu na imefungiwa ndani, hivyo haina hatari kwa matumizi ya kawaida. Hatari hutokea mtu anapokwangua barafu kwa kisu na kutoboa bomba. Ndiyo sababu barafu iachwe iyeyuke yenyewe.

Kiyoyozi: Muulize fundi pampu iko wapi

Mombasa, Malindi, Kisumu na Garissa, kiyoyozi si anasa tena kwa wengi. Historia yake ilianza na kiwanda cha uchapishaji. Mwaka wa 1902, mhandisi Mmarekani Willis Carrier alibuni mtambo wa kudhibiti unyevu katika kiwanda kimoja huko Brooklyn, New York, kwa sababu karatasi zilikuwa zikipanuka na kunywea na kuharibu rangi.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huchukua joto la chumbani na kulitupa nje. Ndiyo maana kiyoyozi cha BTU 12,000 huweza kuondoa joto la wati 3,500 kikitumia wati 1,000 hivi tu za stima.

Aina ya kawaida ina sehemu mbili, ya ndani na ya nje, zilizounganishwa kwa mabomba ya shaba. Fundi anapoyaunganisha mabomba hayo, ndani huwa mna hewa na unyevu. Vyote viwili ni sumu kwa mtambo. Unyevu huganda kwenye tundu jembamba, na ukikutana na mafuta huleta asidi inayoila kompresa polepole. Hewa nayo hupandisha shinikizo. Kwa hivyo, baada ya kuhakikisha hakuna kiungo kinachovuja, fundi anapaswa kuunga pampu ya kuvuta hewa, kuiacha ifanye kazi mpaka geji ionyeshe kwamba mabomba ni matupu kabisa, kisha aizime na kungoja aone kama sindano itatulia. Ikipanda, kuna mahali panavuja. Ikitulia, ndipo afungue vali za gesi, na mwisho kabisa ndipo awashe stima.

Wapo wanaoruka hatua hii na kufukuza hewa kwa kuachilia gesi kidogo itoke. Huokoa nusu saa yao na kupunguza miaka ya kiyoyozi chako. Tena gesi ya R32 inayotumika katika viyoyozi vingi vipya inaweza kushika moto, hivyo si ya kuachiliwa ovyo. Swali lako kwa fundi anapoingia mlangoni liwe moja: "Umekuja na pampu?"

Kabla hajaondoka, mwambie amimine maji kwenye sinia ya sehemu ya ndani, mtoke nje mwone kama yanatoka kwenye mpira. Yasipotoka leo, mwezi ujao yatakuwa ukutani na kwenye godoro. Kisha washeni kwa nyuzi 24 na mngoje robo saa. Hewa inayotoka iwe baridi kuliko inayoingia kwa nyuzi 8 hadi 12 hivi. Kushusha hadi 16 hakuharakishi chochote katika viyoyozi vingi, bali huongeza bili tu.

Saa ya kwanza, usiondoke

Kifaa chochote kikishawaka, kaa nacho kwa saa moja. Baada ya dakika kumi, nusa. Harufu ya plastiki inayoungua ni amri ya kuzima. Gusa plagi na kifuniko cha swichi kwa mgongo wa mkono mkavu. Uvuguvugu hafifu ni wa kawaida, lakini kama huwezi kuuacha mkono hapo, kuna waya mwembamba au skrubu iliyolegea. Sikiliza pia. Mngurumo mwororo ni mzuri, lakini mlio wa cheche ni mbaya. Taa za nyumba zikififia kila mara hita inapowashwa, nyaya zimelemewa. Na breka ikijikata, usiirudishe mara ya pili na ya tatu kwa hasira. Inakueleza jambo.

Wapangaji na wanafunzi wanaoishi kwenye hosteli wana tatizo lao. Aghalabu hita waliikuta imefungwa, wala hawajui nani aliifunga. Kabla ya kulipa kodi ya mwezi wa kwanza, mwombe mwenye nyumba akuonyeshe breka ya hita, waya wa ardhini na ile swichi yenye kitufe cha majaribio. Kuuliza hilo si ujeuri. Anayeuliza bei ya chumba ana haki ya kuuliza pia kama atatoka bafuni akiwa hai.

Kwa kifupi, bandika haya ukutani:

• Volti 240, hezi 50. Kibandiko kisomwe kwanza.

• Hita na tangi: maji yatiririke bila hewa, ndipo stima iwashwe. Maji yakipotea, zima.

• Waya wa ardhini uwepo na upimwe. Kitufe cha majaribio kibonyezwe siku ya kwanza, na kila mwezi.

• Sola ijazwe alfajiri au jioni.

• Hita ya gesi nje ya bafu. Povu la sabuni, si kiberiti.

• Friji isimame wima, saa 24 kama ililazwa. Iwake tupu kwanza.

• Kiyoyozi: pampu ya kuvuta hewa, kisha vali, kisha stima.

• Risiti, waranti na kijitabu viwekwe pamoja, na tarehe ya kuwasha iandikwe juu yake.

Subira, wasemao husema, huvuta heri. Katika jambo hili huvuta pia maji moto na chakula kisichooza, na bili isiyoumiza. Mtu mmoja nyumbani mwenu, awe baba, mama au binti wa sekondari anayependa fizikia, apewe kazi ya kusimamia swichi siku kifaa kipya kinapoingia. Wengine wote wangoje neno lake.